Kitanzi cha Lushinge

Juu ya chumba cha barafu, Mwaloni Kirumba,
nina meza, feni, na kibao cha saketi
kisichozidi kiberiti.
Kibao kina akili moja. Moja tu.
Kazi ni nne:
kusoma mizani,
kupima ubaridi wa chumba,
kutuma meseji kwa wanunuzi wa Geita na Shinyanga,
kuwasha taa nyekundu mlango ukisahauliwa wazi.

Watu hudhani zinakwenda pamoja.
Humu hakuna kinachokwenda pamoja.
Kila kazi hushika akili kidogo,
humega kipande chake, kisha yenyewe, kwa hiari,
hutamka: pisha.
Husimama palepale, katikati ya mstari,
hesabu zake zote mkononi,
kilo sita na robo, ndoo ya tatu, jina la mwenye ndoo,
haidondoshi hata punje.
Ukiiambia endelea
haianzi na salamu. Hushika neno lililofuata.

Askari wa kuzing'oa kwa nguvu sikumweka.
Nilisema, hizi ni kazi zenye adabu.

Jumanne, saa nane za usiku.
Jioni yake Lushinge, kijana wa mkono mwepesi,
aliyejifunzia yote haya kwenye simu yenye kioo kilichopasuka,
alikuwa ameongeza mistari miwili:
maadamu mizani haijatulia,
soma mizani.
Basi.

Na upepo ukatoka ziwani
ukaitikisa sahani tupu, haina hata dagaa mmoja.
Haijatulia. Soma. Haijatulia. Soma.
Kitanzi kikazunguka kama nzi ndani ya chupa,
na nyuma yake kipimajoto kimekaa foleni
na habari ya saa nane mdomoni,
habari inayochacha.

Asubuhi skrini ilisema: nyuzi nne chini ya sifuri.
Sakafu ilisema: maji.

Bi Nyanzala, mwenye sangara masanduku kumi na moja,
alivua kandambili, akaingia, akasimama.
Hakupiga kelele, afadhali angepiga.
"Hiyo mashine yenu ilikuwa inauliza nini usiku kucha?"
Kama mizani imetulia.
"Ikajibiwaje?"
Haijatulia.
"Sasa si ingemwuliza mwingine?"

Tulimlipa kwa miezi mitano.
Dawa ilikuwa neno moja, kati ya kusoma na kusoma:
pisha.
Lushinge aliliandika polepole, herufi kwa herufi,
kama mtu anayetia saini hati ya polisi.

Ipo amri ya kuuliza hali ya kazi.
Majibu: inaenda, imesimama, imekufa.
Iliyosimama na iliyokufa, kwa mbali, ni moja,
zote kimya.
Mpaka uite.

Baba, wodini Bugando, aliniambia,
"Majura, ule ufunguo wa"
na nesi akaja na sindano, akampisha.
Nilingoja. Nesi akaondoka.
Nikasema, ndiyo baba, ufunguo wa?
Nikasema tena.
Nyumbani Mabatini nina kufuli tatu
ambazo sijazikata.

Sijui kwa nini nimeliweka hili hapa.
Nilikuwa naeleza mizani.

Sasa mizani inasoma, inapisha.
Ubaridi unapimwa, unapisha.
Meseji ya Geita inaondoka imekatika katikati
na kufika nzima.
Lushinge anatafuna kiazi cha kuchemsha, ananiuliza,
"Kaka, hivi kila ikipisha, tuipumzishe"
simu yake inalia.
Ni mama yake. Wanaongea Kisukuma, kirefu,
ng'ombe, ada ya shule, mvua iliyoruka Magu,
anacheka, ananyamaza, anacheka tena.
Mimi nimeshika kalamu, sijaandika kitu.

Anakata simu. Anaokota ganda la kiazi mezani.

"sekunde ngapi?"